Kesi Ni ya Nani?

Mkulima wa Mbarali anayegombea mpaka wa jaruba la mpunga, mjane wa Kilolo anayedai nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kijana aliye mahabusu katika Gereza la Ruanda mjini Mbeya akingoja kikao cha Mahakama Kuu, wote watatu wanaunganishwa na jambo moja. Siku watakapopata wakili, yatakayosemwa juu ya maisha yao yatasemwa na mtu mwingine. Swali ninalotaka tulitafakari, msomaji wangu, linatangulia maswali yote ya taratibu za mahakama: mtu anapompa wakili kesi yake, anampa nini, na yeye anabaki na nini?

Jibu la haraka ni kwamba anatoa ada na kupewa utaalamu. Mteja haijui sheria, wakili anaijua. Mmoja analipa, mwingine anatenda. Jibu hili lina ukweli wake. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, haimruhusu kila anayejua kuzungumza kujiita wakili, na ndiyo maana wale tunaowaita vishoka wanasakwa. Hata hivyo, kuna jambo ambalo jibu hili haliwezi kulieleza. Kwa nini mtu aliyeshinda kesi huweza kutoka mahakamani na kinyongo dhidi ya wakili wake, ilhali aliyeshindwa huweza kumshika wakili wake mkono na kumshukuru kwa dhati? Kama kilichonunuliwa kilikuwa utaalamu peke yake, matokeo yangetosha kuwa kipimo. Lakini msikilize mtu anayemlalamikia wakili wake kwa jirani. Mara nyingi haanzi na hukumu. Anaanza na simu isiyopokelewa, kisha anasema, "Sijui kesi yangu imefikia wapi."

Maneno hayo yanastahili kupimwa kwa uzito. Ni maneno ya mtu ambaye kitu chake kinasafiri bila yeye. Anajua kwamba kesi ipo, anajua kwamba jina lake limeandikwa juu ya jalada, lakini kile kinachotendeka ndani ya jalada hakimfikii. Hajapoteza shamba wala nyumba bado. Amepoteza nini, basi?

Ili kulijibu hilo inabidi kwanza tukubaliane juu ya maana ya uwakilishi. Kwa uwakilishi nina maana ya hali ya mtu kusema na kutenda kwa niaba ya mwingine kwa namna ambayo neno la msemaji linamfunga yule asiyesema. Sehemu ya mwisho ya maana hiyo ndiyo nzito. Wakili akikubali mbele ya hakimu kwamba jambo fulani halina ubishi, mteja ndiye amekubali. Wakili akikosa kufika, mteja ndiye hakufika. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imerudia katika maamuzi yake kwamba uzembe wa wakili, kwa kawaida, si sababu ya kutosha ya kumwongezea mtu muda, na kwamba mwenye kesi aliyeweka wakili bado ana wajibu wa kufuatilia mwenendo wa kesi yake. Kwa maneno mengine, sheria inakataa kumtambua mteja aliyelala. Inamwambia: umempa mwingine mdomo wako, lakini masikio na macho bado ni yako.

Jamii zetu zilimjua msemaji wa namna hii kabla ya mahakama za wakoloni. Mshenga huenda ukweni akabeba posa ya mtu mwingine, akajua lini anyamaze na lini aongeze neno, akajadili mahari kwa ustadi ambao mwoaji hana. Lakini mshenga haoi. Kila hatua hurudi kwa aliyemtuma, akamweleza alichoambiwa, na akaondoka tena akiwa na jibu jipya. Mshenga asiyerudi, hata angekuwa na ulimi mtamu kiasi gani, ameacha kuwa mshenga. Nadhani hapo tunaanza kuona kile ambacho mteja asiyejua kesi yake imefikia wapi amekipoteza. Amepoteza nafasi ya aliyemtuma. Amekuwa mtu anayesubiri kuambiwa kilichoamuliwa juu yake, na kwa hali hiyo wakili wake amesimama upande mmoja na mahakama, si upande mmoja na yeye.

Lakini kurudi kwa mteja ni kurudi na nini? Hapa swali linaingia ndani zaidi, kwa sababu kati ya maisha ya mtu na hoja za mahakamani kuna umbali ambao wakili ndiye anayeuvuka kila siku. Mteja huja na simulizi: nani alimdharau nani, baba alisema nini kabla ya kufa, majirani walinyamaza vipi. Mahakama inataka hoja: nani mmiliki, kwa ushahidi gani, tangu lini. Katika safari ya kutoka kwenye simulizi hadi kwenye hoja, mengi huachwa njiani, na yanayoachwa huenda ndiyo yaliyomuumiza mtu kuliko yote.

Iringa inabeba kumbukumbu moja kubwa ya umbali huo. Siku ya Krismasi mwaka 1971, katika mashamba ya Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, wakati wa kampeni ya kuanzisha vijiji vya ujamaa. Kisha akaupakia mwili katika gari na kuupeleka mwenyewe kituo cha polisi Iringa mjini. Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwaka 1972, akahukumiwa kunyongwa. Zaidi ya miaka hamsini baadaye watu bado wanabishana kuhusu maana ya tukio lile: ardhi, heshima, dola, hasira, ukatili. Lakini kesi ya mauaji ina milango michache tu ambayo utetezi unaweza kupitia: kwamba mshtakiwa hakukusudia, kwamba alichokozwa akapandwa na hasira ya ghafla, kwamba alikuwa akijilinda, kwamba akili yake haikuwa timamu. Maisha yote ya mkulima na historia yote ya nchi lazima vijikunje vipite katika mojawapo ya milango hiyo, la sivyo vinabaki nje.

Wakili anayemtetea mtu katika hali kama hiyo ana kazi mbili. Ya kwanza tunaiona: kusimama na kuzungumza. Ya pili haionekani: kumweleza anayetetewa kwa nini jambo analoliona kuwa kubwa kuliko yote halitatajwa, au litatajwa kidogo, na kwa nini jambo analoliona dogo ndilo litakalobeba kesi. Asipoifanya kazi hiyo ya pili, mshtakiwa atakaa kizimbani akisikiliza simulizi la mtu asiyemfahamu, akishangaa kuona kwamba mtu huyo ana jina lake. Yule aliyepangiwa wakili kwa gharama za serikali, ambaye huweza kukutana naye kwa mara ya kwanza kesi ikiwa imeshapangiwa kikao, yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Utetezi unaweza kuwa mzuri kisheria na bado ukawa mgeni kwa mwenye maisha. Nauliza: je, mtu ametetewa kweli ikiwa hakujitambua katika utetezi wake?

Kuna atakayesema ndiyo, mradi ameachiwa huru. Jibu hilo silidharau. Aliye gerezani anautaka mlango ufunguke, hataki falsafa. Hata hivyo, tuangalie mtu mwingine, yule aliyeshindwa. Kesi nyingi zina upande mmoja unaoshindwa, na hakuna wakili awezaye kulibadilisha hilo. Mtu huyu atarudi kijijini kuishi na hukumu kwa miaka yote iliyobaki. Aliyeelewa kwa nini ameshindwa anaweza kuibeba hukumu yake, akaamua kukata rufaa au kuacha, akawaeleza wanawe. Asiyeelewa atatafuta maelezo mahali pengine: hakimu amehongwa, wakili amenunuliwa, jirani amekwenda kwa mganga. Pengine mojawapo ni kweli. Lakini mara nyingi maelezo hayo huzaliwa katika ukimya ambao wakili aliuacha, na uhasama uliopaswa kufikia mwisho mahakamani huhamia katika kizazi kinachofuata.

Hilo linatuleta kwenye lugha. Kwa miongo mingi baada ya Uhuru, Mahakama za Mwanzo ziliendesha shughuli zake kwa Kiswahili, ambapo mwananchi alijisemea mwenyewe, kwa kuwa mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Kesi ilipopanda hadi Mahakama Kuu, lugha ikawa Kiingereza, na sauti ikawa ya wakili. Mtu alipanda ngazi ya haki huku akishuka ngazi ya uelewa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na mimi nayahesabu kuwa miongoni mwa mabadiliko makubwa ya utu katika mahakama zetu. Lakini je, kusikia maneno ni sawa na kuelewa? Mteja akiambiwa kwa Kiswahili safi kwamba shauri lake "limeondolewa mahakamani" kwa pingamizi la awali, anaweza kudhani kila kitu kimekwisha, kumbe mara nyingi bado ana nafasi ya kulirekebisha na kulifungua upya. Akiambiwa kwamba "limetupwa" baada ya kusikilizwa, anaweza kudhani atarudi mwezi ujao, kumbe mlango uliobaki ni rufaa, tena kwa siku zilizohesabiwa. Lugha moja imewakutanisha wakili na mteja mezani. Bado inabidi mmoja wao azungumze kwa nia ya kueleweka.

Na si kila mteja wa Nyanda za Juu Kusini ana Kiswahili cha mambo yake ya ndani. Yuko bibi wa Rungwe ambaye uchungu wake unasema Kinyakyusa, na mzee wa Kalenga ambaye mipaka ya shamba lake ina majina ya Kihehe tu. Watu hawa huja ofisini na mjukuu, mpwa, au jirani wa kuwatafsiria. Hapa ndipo tunapokutana na jambo la pili linalohitaji maana iliyo wazi, nalo ni siri.

Siri, kwa maana ninayoikusudia, ni ulinzi wa maneno ili yaweze kuwa ya kweli. Haina uhusiano na kuficha uovu. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inamkataza wakili kutoa aliyoambiwa na mteja wake katika kazi hiyo, isipokuwa mteja mwenyewe aridhie waziwazi, na katazo hilo halikomi hata kazi yao inapokwisha. Mkalimani na karani wa wakili nao wamefungwa na katazo hilo. Miongoni mwa yanayoachwa nje ni maneno yaliyosemwa ili kutekeleza jambo lisilo halali. Kwa nini dola, yenye nguvu zote za kuuliza, ikubali kuwe na chumba kimoja ambamo haiingii? Kwa sababu iligundua kwamba mtu anayeogopa kusikilizwa hasemi ukweli, na wakili asiyejua ukweli hawezi kuisaidia mahakama kuupata. Mazungumzo ya Mwamwindi na waliomtetea yalilindwa na katazo hilo, na ndivyo inavyopasa kuwa. Dola ilikuwa na haki ya kumhukumu. Haikuwa na haki ya kusikia alichomwambia wakili wake.

Lakini katika maisha yetu siri hii ina wageni wengi. Kesi ya ardhi ni nadra kuwa ya mtu mmoja. Kaka ameuza ng'ombe kulipa ada, shangazi amejitolea kuwa shahidi, mwenyekiti wa ukoo amepanda basi la alfajiri kutoka Kyela ili awepo. Wote wanaona wana haki ya kujua, na kwa namna fulani wanayo. Basi mteja ni nani? Wakili atajibu kwamba ni yule aliyetia saini. Ukoo utajibu kwamba ni wote. Najaribu kuyapima majibu hayo mawili na naona kila moja lina hatari yake. Tukiufukuza ukoo, tunamwacha bibi peke yake na hofu zake, bila mtu wa kumkumbusha tarehe wala kumfikisha mjini. Tukiukaribisha wote, bibi hatasema kile ambacho hataki mwanawe akisikie, na mwana anayemtafsiria mama yake pengine ana macho yake katika shamba lilelile. Busara, nadhani, ni wakili kutafuta hata dakika chache za kuwa na mwenye kesi peke yake, pamoja na mkalimani asiye na fungu katika shamba. Hapo mteja anapata kuwa mtu mmoja mwenye neno lake, na ukoo unaambiwa baadaye yale ambayo yeye ameridhia waambiwe.

Mbeya ilitupa sura nyingine ya swali hili mwaka 2023. Wananchi wanne walifungua shauri la kikatiba katika Mahakama Kuu kanda ya Mbeya kupinga makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari, na miongoni mwa waliowatetea alikuwa wakili Boniface Mwabukusi, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Majaji watatu walilitupa shauri hilo tarehe 10 Agosti 2023. Waleta maombi walikuwa wanne, lakini waliofuatilia walikuwa wengi mno, na wengi wao walizungumza kana kwamba wao ndio waliomtuma wakili. Kesi ya namna hiyo inaonyesha jinsi watu walivyo na kiu ya kusemewa. Inaonyesha pia kwamba kusemewa peke yake hakumpi mtu nafasi ya mteja. Umati unaweza kushangilia; hauwezi kuulizwa faraghani unataka nini, wala kuambiwa kwa utulivu kwamba hoja yako ni dhaifu. Uhusiano wa wakili na mteja unahitaji watu wanaoweza kuambiana jambo lisilopendeza.

Na jambo lisilopendeza linahitaji imani. Naichukua imani kuwa utayari wa kumwachia mwingine nafasi ya kukudhuru, ukitegemea kwamba hataitumia. Mteja anaonyesha imani anaposema ile sehemu ya simulizi inayomwaibisha: kwamba kweli alipokea zile fedha, kwamba ile saini ni yake. Wakili anaonyesha imani anaposema, "Baba, kesi hii naiona nzito, tufikirie kupatana," akijua kwamba mteja anaweza kuchukua jalada lake na kwenda kwa mwingine anayeahidi ushindi. Kati ya hao wawili, nani aanze? Mwenye nguvu ndiye anayestahili kuanza, na mwenye nguvu katika chumba kile ni yule anayejua sheria. Anayeahidi ushindi ili asimpoteze mteja amemkopesha faraja ambayo mteja atailipa kwa riba siku ya hukumu.

Limebaki suala la muda, na pengine ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa kesi nyingi hazimchoshi mtu kwa hoja bali kwa tarehe. Kusubiri ni kuishi ukiwa umelielekea jambo usiloweza kuliharakisha. Mkulima wa nyanda hizi anaijua kazi hiyo vizuri: mvua huanza karibu na Novemba, na yeye hungoja bila kulalamika, kwa sababu anajua anangoja nini na afanye nini wakati akingoja. Kesi inayopigwa kalenda humnyima vyote viwili. Hajui kama alipande lile shamba au aliache, kama amwambie binti arudi nyumbani au abaki mjini. Katika kuahirishwa kwenyewe huenda hakuna aliyekosea. Jaji ana kikao kingine, shahidi anaumwa. Lakini kati ya kusubiri huku ukijua sababu na kusubiri gizani kuna tofauti ya utu. Simu ya dakika mbili inayosema, "Mama, kesho usije, jaji hayupo, tumepangiwa tarehe nyingine," haisogezi kesi hata hatua moja, lakini inamrudishia mtu siku yake, nauli yake, na heshima yake ya kupanga maisha yake mwenyewe.

Najua mawakili watasema wana kesi nyingi na wateja wasiochoka kupiga simu. Ni kweli, na mteja naye ana wajibu: aseme ukweli mapema, atunze nyaraka zake, ajibu anapoulizwa, aulize asipoelewa badala ya kuitikia kwa adabu. Kwetu mtu huona haya kumwambia msomi, "Sijakuelewa." Haya hiyo imepoteza mashamba mengi. Pale ambapo ada haipatikani, wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawawezi kumsimamia mtu mahakamani, lakini wanaweza kukaa naye akaelewa, na hilo lenyewe ni sehemu ya haki.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Haki ina nusu mbili: uamuzi ulio sawa, na mtu anayeuelewa uamuzi huo kuwa unamhusu yeye. Nusu ya kwanza tumewaachia majaji. Ya pili iko mikononi mwa wakili na mteja wake, katika maneno yasiyoandikwa kwenye jalada lolote. Wakili, mpigie mteja wako hata siku ambayo huna jipya la kumwambia. Nawe mwenye kesi, usiondoke ofisini kwa wakili kabla hujaweza kuieleza kesi yako kwa maneno yako mwenyewe, maana jina lililo juu ya jalada ni lako.